Kipando Kimegoma: Dalili, Sababu na Tiba za Wanyama wa Kupanda Wasio Farasi Kwenye Michezo ya Kuigiza

Jumamosi jioni tunakaa barazani Shangani, hapa Mtwara mjini, watu sita hadi wanane kwenye mkeka mmoja. Kete tunazirushia ndani ya kifuu cha nazi zisipotelee uvunguni. Mchezo wetu ni wa kutunga hadithi kwa mdomo na kete, si wa jukwaani: mmoja wetu ndiye msimulizi, dunia yote imo kichwani mwake na kwenye daftari lake; waliobaki kila mtu ana mhusika wake, nguvu zake na mali zake. Tulipoamua kwamba dunia yetu haitakuwa na farasi, matatizo yakaanza, na wasimulizi wengine wa Lindi na Masasi ninaoongea nao wanalia na mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Anza nayo, na usirukie ya mwisho kwa kuwa tu inavutia zaidi.

Dalili: "Huyu ni farasi tu, mmempa pembe"

Hili ndilo lalamiko namba moja. Umewapa wachezaji tandala mwenye tandiko. Anakimbia, jioni anafungwa mtini, asubuhi anapandwa tena. Ukifuta neno "tandala" ukaandika "farasi", hakuna kinachobadilika.

Sababu ya kawaida: umeandika sura ya mnyama, hukuandika mwili wake. Kagua kwa maswali matatu kabla ya kugusa kitu kingine: anapandwaje, anakula saa ngapi, na anapochoka anafanya nini? Kama huna jibu hata moja, tatizo ni hilo, na dawa yake ni nusu saa ya kazi.

Chukua ngamia. Hupiga magoti ndipo umpande. Anapoinuka huanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo asiyemjua hutupwa mbele. Akitembea hupeleka mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja kwa pamoja, na aliye juu huyumba kama yuko ndani ya mashua. Maelezo hayo matatu peke yake yanakupa mandhari ya watu wanaokimbia adui huku mnyama bado amepiga magoti. Au chukua maksai wa kupanda, ambaye huko kusini mwa Afrika alitumika karne nyingi. Huyu lazima apate saa za kulala na kucheua; ukimnyima, siku ya tatu hakupi kitu. Waevenki wa Siberia hupanda kulungu wa nchi za barafu, lakini tandiko huliweka juu ya mabega, kwa sababu mgongo wa katikati hauwezi uzito wa mtu. Mpandaji hushika fimbo ndefu ya kujisawazisha. Basi mhusika wa namna hiyo hana mkono wa ngao. Hapo mnyama ameshaingia kwenye kanuni za mapigano bila wewe kuongeza kanuni hata moja.

Sababu ya pili, na hii ina kina zaidi: dunia yako ina farasi, na bei yake ni ndogo. Kama sokoni farasi yupo, nani atahangaika na pofu, yule swala mkubwa? Mchezaji wako ana akili, atanunua farasi. Lazima nchi yenyewe imkatae farasi.

Sisi watu wa kusini jibu hilo tunalo mlangoni. Mbung'o. Huyu inzi hubeba vijidudu vinavyoleta ndorobo kwa mifugo na malale kwa watu. Farasi akiumwa naye hukonda, hupungukiwa damu, mara nyingi hufa. Ngamia naye hana nafuu. Punda huvumilia zaidi kidogo kuliko farasi. Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka barazani petu, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alikuwa na swali lilelile ulilo nalo wewe: mnyama gani atavuka nchi ya mbung'o? Walipopanda na Ruvuma, inzi waliwauma, na askari aliokuja nao kutoka India waliwapakia kupita kiasi na kuwapiga. Ndani ya miezi michache wengi wao walikuwa wamekufa, na kilichowaua hasa kikawa kigumu kutenganisha, inzi au fimbo. Ukitaka msafara wa kuanzia hadithi yako, huo hapo, wenye ubishi ndani yake tayari.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyofanya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, ibebwe vichwani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mamia ya tani za masalia kwenye kile kilima, na wapagazi wakaibeba kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, kwa sababu mnyama wa kubebea asingedumu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mtanganyika, Boheti bin Amrani, na aina moja ya dinosaria ina jina lake hadi leo, *Australodocus bohetii*. Mimi humtaja kila tunapoanza kampeni mpya, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, kwa sababu vijana wengi wanajua mifupa iko Berlin na hawajui nani aliitoa ardhini.

Tiba basi: chukua ramani ya dunia yako, na kwa penseli tia kivuli kwenye vichaka vyote na kingo za mito. Hiyo ndiyo nchi ya mbung'o. Ndani ya kivuli farasi anaishi wiki chache. Nje ya kivuli anaishi kama kawaida. Sasa wachezaji wana la kuamua kila wanapofika mpakani.

Na ndani ya kivuli wapande nini? Wanyama wa porini wa nchi hizo wamezoeana na vijidudu hivyo tangu zamani, wanavibeba bila kuugua sana. Chaguo langu ni pofu. Dume lake hufikia kilo 900, hudundadunda kwa mwendo wa wastani kwa muda mrefu, na pamoja na ukubwa wote ule huruka uzio wa zaidi ya mita mbili. Tena hana hasira za nyati. Kule Askania-Nova, Ukraine, wamekuwa wakifuga pofu tangu mwishoni mwa karne ya 19, hata kuwakamua maziwa. Pofu wa kupandwa hahitaji muujiza, anahitaji subira ya vizazi vichache, na hiyo kwenye dunia ya kubuni unaitoa kwa sentensi moja.

Kuna sababu ya tatu, nadra: kundi lako halijali wanyama, linataka majadiliano ya kisiasa mjini. Hapo usitibu kitu. Waache watembee kwa miguu.

Dalili: mpandaji anaonekana mzito kuliko mnyama

Mchezaji analeta shujaa mwenye deraya la chuma, kilo 110 yote kwa yote, na anataka kupanda mbuni. Meza, yaani kundi zima la wachezaji, inacheka, hadithi inavunjika.

Sababu karibu kila mara ni moja: hakuna aliyepiga hesabu. Kanuni wanayoitumia watu wa farasi ni kwamba mnyama abebe takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake, mtu na tandiko pamoja. Si sheria ya mbinguni, ngamia na punda wa mizigo hupita hapo, lakini kwa ukaguzi wa haraka inatosha. Mbuni dume ana kilo 100 hadi 130, kwa hiyo haki yake ni kilo 20 hadi 26. Huyo ni mtoto wa chekechea. Watu wazima wepesi wamewahi kuwapanda kwenye mashindano huko Afrika Kusini, lakini ni kwa dakika, si kwa safari. Lama wa Andes habebi mtu mzima kabisa. Punda milia ana kilo kama 300, hesabu inamkubali mtu mwembamba. Tatizo lake ni jingine, nitalifikia.

Kwa wale wa Lindi wanaopenda kutumia wanyama wa Tendaguru, fanyeni hesabu hiyohiyo. Elaphrosaurus alikuwa na urefu wa kama mita 6, na picha zake zinadanganya: mwili wake ulikuwa mwepesi, wanakadiria kilo 200 hivi. Anabeba kilo 40. Mpe mjumbe kijana, asiye na silaha nzito. Kentrosaurus alizidi tani moja, uzito anao, ila mgongoni ana mabamba, na kuanzia kiunoni hadi mkiani ni miiba mirefu. Mpandaji akae wapi? Mchezaji wetu mmoja alikaa siku mbili na swali hilo akarudi na kiti kinachoning'inia ubavuni, viti viwili, kulia na kushoto, kama shogi za punda. Kila anayepanda lazima awe na mwenzake wa uzito unaolingana. Sijaona wazo zuri kuliko hilo mezani petu. Yule mkubwa, Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa Berlin inafika mita 13.27, usimfanye kipando. Huyo mfanye kijiji. Jina lake maana yake ni twiga jitu, na inanigusa kila nikikumbuka kwamba twiga wenyewe wa leo kusini mwa mto Rufiji hawapo.

Kama hesabu imegoma na mchezaji bado anamtaka mnyama wake, mkuze mnyama, lakini kwa adabu. Ukimfanya mara mbili kwa urefu, uzito unakuwa mara nane huku nguvu ya mifupa na misuli ikiwa mara nne tu. Mbuni mkubwa lazima awe na miguu minene na mwendo mzito. Mchezaji achague: mbio au nguvu.

Dalili: safari hazina uzito, mnyama hachoki wala hali njaa

Kagua kwanza: je, kuna mtu mezani aliyewahi kutaja maji? Mara nyingi hakuna.

Tembo anakula kilo kama 150 za majani kwa siku na kunywa zaidi ya lita 100. Sasa wapandishe tembo watano uwanda wa juu wa Makonde, Newala au Tandahimba. Udongo wa juu kule ni mchanga unaomeza mvua yote. Maji yako chini bondeni. Bibi zetu walishuka na kupanda lile genge na maji kichwani, na ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama chini utaelewa maana yake magotini. Tembo watano ni ndoo 25 za lita 20 kila siku, kwa uchache. Nani anazipandisha? Wachezaji wangu walipopewa hesabu hiyo waliacha tembo wao bondeni na kupanda kwa miguu, na usiku ule bondeni ndipo walipoibiwa. Kisa chote kilitoka kwenye ndoo.

Ngamia anaweza kunywa lita 100 kwa dakika chache kisha akae siku kadhaa, kwa hiyo juu ya uwanda angefaa. Lakini mteremshe kwenye tope la Januari mabondeni, nyayo zake laini zinateleza, na mbung'o wanamsubiri. Hapo ndipo utamu ulipo: kila mnyama awe mfalme mahali pamoja na mzigo mahali pengine. Kwenye mikoko na matope ningeweka nyati-maji. Kule kisiwa cha Marajó, Brazil, askari polisi huwapanda kwenye doria, na hiyo si hadithi ya kubuni.

Sababu ya pili: umechagua mla nyama. Simba mmoja anahitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku na hulala au kupumzika saa nyingi kuliko anazoamka. Kikosi cha simba kumi ni kilo 60, yaani kama mbuzi wanne kila siku inayokuja. Kijiji kitakachokaribisha kikosi hicho kitakuwa na la kusema. Ukitaka mla nyama anayekwenda mwendo mrefu, fisi ana pumzi zaidi, ila soma dalili ya mwisho kabla hujamleta mezani.

Kwa mwendo wa siku, mimi natumia kilomita 20 kwa maksai na 40 kwa ngamia kwenye njia nzuri. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200. Siku kumi, au tano. Mvua zikinyesha, gawa kilomita za siku kwa mbili.

Dalili: kila mtu anapanda kila kitu siku ya kwanza

Mchezaji anakamata punda milia asubuhi, mchana yuko mgongoni. Wenzake wanaona ni rahisi mno na hamu inakufa.

Sababu kuu ni kuchanganya kufuga na kuzoesha. Kuzoesha ni mnyama mmoja na mtu mmoja. Kufuga ni ukoo mzima kubadilika kwa vizazi. Punda milia amezoeshwa mara nyingi. Mwaka 1898 tajiri Mwingereza Walter Rothschild aliendesha gari lililokokotwa na punda milia London hadi kasri la Buckingham. Lakini angalia, aliwafunga kwenye gari, hakuwapanda, na hawakuja kuwa mifugo. Wana hofu ya haraka, hukwepa kamba kwa kuinamisha kichwa, na wakiuma hawaachii. Tembo wa Afrika walizoeshwa Kongo wakati wa Wabelgiji, wakafanya kazi kweli, lakini kila mmoja alikamatwa porini na kufundishwa upya tangu mwanzo. Hawakuwa ukoo uliofugwa.

Tiba nyepesi: weka muda. Mnyama aliyezoeshwa humkubali mtu mmoja na hubaki na siku za kukataa. Mwachie mchezaji kete za siku hizo. Tiba ya kina: amua ni mnyama gani mmoja tu katika dunia yako aliyefugwa kweli, na nani alimfuga, kisha jamii hiyo iwe na nguvu kwa sababu hiyo. Uchawi wa kumtuliza mnyama unaruhusiwa, mradi una gharama inayouma.

Ukikwama hapa, tafuta mfugaji. Siku hizi Lindi ina wafugaji wengi waliohamia na ng'ombe wao. Nusu saa ya kumsikiliza mtu aliyemzoesha fahali jembe itakupa mambo ambayo hakuna kitabu cha kanuni kimeyaandika.

Dalili: kipando cha kuruka kimeua kampeni

Milima, mito, malango ya mji, vyote havina maana tena. Sababu: umetoa mabawa bila hali ya hewa. Ndege wazito wanaoruka leo, kama tandawala mkubwa, hawafiki kilo 20, na huinuka kwa shida. Kwa hiyo mnyama wako tayari ni muujiza, mdai kitu. Mimi nimemfunga na pepo. Kusi likivuma huenda kaskazini, kaskazi likivuma hurudi kusini, na katikati yake, pepo zinapobadilika, mnyama hushuka chini kama jahazi linalosubiri. Pwani yetu yote iliishi kwa kalenda hiyo, kuanzia Kilwa. Wachezaji waliielewa kwa dakika moja.

Dalili: meza imenyamaza

Umemleta fisi mwenye tandiko, au simba, na mtu mmoja ameacha kucheza. Anatazama simu. Hajibu.

Usidhani amechoshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizoumizwa zaidi na simba wala watu. Watu walilala kwenye madungu shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na simba wakawafuata nguruwe. Kuna wachezaji wa umri wetu waliopoteza shangazi au baba hivyo. Na fisi anayepandwa usiku, kwa wengi wetu, ni habari ya wachawi, si mapambo ya hadithi. Kuna nyumba ambazo neno hilo limevunja undugu.

Ukaguzi ni kabla ya mchezo: uliza kila mtu pembeni, si mbele ya wenzake, ni mnyama gani asimwone mezani. Akimtaja, mtoe, bila kumdai sababu.

SIMAMA HAPA ikiwa mtu analia, anatetemeka au anaondoka. Funga daftari, mfuate, kaa naye. Usimrudishe mezani usiku ule wala usijaribu kumtibu kwa hadithi. Ikiendelea siku zinazofuata, hasa kama halali, msaidie afike kwa mshauri nasaha hospitalini au kwa afisa ustawi wa jamii.

Dalili: wachezaji wanataka kujaribu kwa mnyama wa kweli

Hii huja baada ya miezi michache, na inatoka kwenye mapenzi, kwa hiyo jibu kwa upole. Wanyamapori hapana kabisa. Pofu, nyati na punda milia wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na hata ndama yatima ukimkuta njiani usimchukue. Toa taarifa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kando ya Ruvuma msishuke majini kutazama viboko kwa karibu. Mnyama yeyote akimng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa hakisubiri.

Punda anawezekana, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mzee jirani yetu anabebea mchanga wa ujenzi, na tulimwendea. Tulipomaliza shikamoo, kijana wetu mmoja akasogea moja kwa moja kutaka kupanda. Mzee akamzuia kwa kiganja. "Usimtazame machoni tu, mwanangu. Mshike hapa." Akainua soji, lile tandiko la punda, akatuonyesha mabegani, pale uti wa mgongo unapoinuka. Palikuwa na mabaka mawili ya nywele nyeupe, kila moja saizi ya shilingi mia mbili. "Hiki kilikuwa kidonda kabla hajawa wangu. Kikipona, nywele hurudi nyeupe. Mwenye kukuuzia punda anaweza kukudanganya umri, hili hawezi kulificha."

Kama badala ya baka jeupe unakuta uvimbe, joto, unyevu au usaha, kama punda anachechemea, au kama hajala tangu asubuhi, hapo hakuna cha kupanda. Mwite afisa mifugo wa kata, na mzigo ushuke sasa hivi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 imekataza kumtumikisha mnyama mgonjwa.

Kijana hakupanda siku ile. Alimtembeza punda kwa kamba hadi kisimani na kurudi. Jumamosi iliyofuata, msimulizi alipomwambia mhusika wake kuna pofu wa kuuza mnadani, bei nusu, aliuliza jambo moja kabla ya kurusha kete: akipitisha mkono chini ya tandiko, anahisi nini?